Dakika ya Kumi na Nane

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Maji ya uvuguvugu vikombe viwili. Nimefagia uwanja. Nimetembea dakika thelathini na mbili bila kusimama. Uji wa ulezi, hauna sukari. Presha sijapima, mashine imeisha betri.

Huu mwezi wa nane tangu nianze. Januari nilitoka hospitali Bariadi nikiwa mzee wa kushikwa mkono. Mke wangu Nkwimba alikuwa na wiki tano kaburini. Nilikuwa sili, sinywi, nalala na viatu. Binti yetu Mindi alikuja kutoka Nyashimo akanikuta katika hali hiyo, akanipakia kwenye gari bila kuniuliza. Daktari alikuwa msichana mdogo, ningeweza kumfundisha darasa la tatu. Akanipa karatasi. Amka saa ileile. Kunywa maji. Tembea nusu saa bila kusimama. Punguza chumvi. Andika mistari michache kila siku, yoyote. Nilicheka moyoni. Miaka thelathini na minne nimewapangia watoto wa watu ratiba ya vipindi, sasa napangiwa mimi.

Lakini imefanya kazi. Hilo nalikiri. Nakula, nalala, nafua nguo zangu. Siku nikikosa matembezi naona giza linarudi, kwa hiyo sikosi.

Kanuni moja nimeiongeza mwenyewe. Nikiwa matembezini sisemi na mtu. Salamu za huku kwetu si neno moja. Mwangaluka, halafu ng'ombe wameamkaje, watoto wameamkaje, na yule mgonjwa wa kwa shemeji anaendeleaje. Nusu saa inaisha umesimama palepale. Napunga mkono, napita.

Jumatano, 4 Septemba

Ngasa amekuja. Ni kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi hapa kijijini, rika langu, tulichunga pamoja tukiwa watoto. Amekunywa chai yangu yote ndipo akasema kilichomleta. Watu wananung'unika. Mwalimu anapita kama gari la serikali. Wanawake wanapiga goti kumsalimu, yeye anapunga mkono. Nikamweleza ni maagizo ya daktari. Akauliza kama daktari aliagiza na kutosalimu. Nilimjibu vibaya. Mtu ukiwa mgonjwa huku wanakuja wote kukutazama, ukipona wanakereka.

Matembezi dakika thelathini kamili. Nimepita juu ya ukingo wa mto. Mto umekauka wote, ni mchanga mtupu. Watu wanachimba visima humo mchangani na kila wiki maji yanashuka zaidi. Masanja, jirani yangu wa ng'ambo ya uzio, kisima chake ndicho kirefu kuliko vyote. Nilipopita niliona kofia yake tu. Aliinua mkono. Nami nikainua.

Mchanga ule hauna mshiko. Kisima cha urefu ule kinahitaji miti ya kuegemeza kuta. Nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa katikati ya matembezi. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni nimekumbuka nikiwa nimeshavua viatu. Kesho.

Ijumaa, 6 Septemba

Mwano, ukelele wa kuita msaada, umepigwa mara mbili wiki hii. Mara zote ni habari za ng'ombe. Mara ya kwanza wameibwa kweli. Mara ya pili ndama alikuwa amelala kichakani na mwenyewe hakumtafuta sawasawa. Vijana walikimbia mpaka upande wa Maswa wakarudi na njaa na hasira.

Mimi sikimbii tena. Sheria ya sungusungu iko wazi. Mwano ukisikika, kila mtu mzima anatoka na kuifuata sauti. Aliyevuka miaka sitini, au mgonjwa, anasamehewa kufukuza ng'ombe. Ng'ombe tu. Kwa moto, maji au kifo hakuna anayesamehewa, hata kilema anajikokota. Nina miaka sitini na minne na moyo wenye cheti. Nilibaki na uji wangu.

Mchana ugali wa mtama, nsansa ya majani makavu ya kunde, maziwa mgando. Nimekula vizuri. Siku ya tatu sijamwota Nkwimba. Asubuhi nilijisikia mwizi kwa ajili hiyo. Kufika mchana ikaisha.

Jumapili, 8 Septemba

Maji. Matembezi. Dakika ishirini na tisa, sijawahi. Kanisani nilikaa karibu na Masanja na mke wake Kabula. Niliwaza habari ya miti ya kisima wakati wa mahubiri. Tulipotoka alikuwa amezungukwa na watu. Nikaenda zangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Maji vikombe viwili. Uwanja nimefagia. Matembezi dakika thelathini na moja. Mwano umepigwa dakika ya kumi na nane, upande wa mtoni. Sikwenda. Uji.

Jioni.

Masanja amekufa. Kisima kimemfukia.

Siwezi kuandika.

Jumanne, 10 Septemba

Tumemzika saa nane mchana.

Imesimuliwa mara nyingi, nimeikariri. Alikuwa chini anachimba. Kabula alikuwa juu anavuta ndoo. Ukuta mmoja ukashuka, mchanga ukamfika Masanja kifuani. Alikuwa hai. Alikuwa anaongea. Kabula akapiga mwano, akashuka akachimba kwa mikono, akapanda akapiga tena, akashuka tena. Watu wa kwanza walitokea kijijini mbio, ikawachukua robo saa. Ukuta wa pili ulikuwa umeshashuka. Kabula wamemkuta analia kwa mkwaruzo, sauti imekauka, kucha tatu hana.

Pale msibani kila kinywa kina neno moja. Laiti kule juu wangekuwa wawili. Mmoja azuie mchanga, mmoja avute.

Nimepeleka debe la unga na mzigo wa kuni. Ngasa akaniomba niseme machache kaburini kwa kuwa ni jirani na ni msomi. Nikasema. Nilisema Masanja alikuwa mtu wa kukimbilia shida za wenzake. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, sauti haikutetemeka. Watu walilia. Kabula alitazama udongo.

Najichukia.

Jumatano, 11 Septemba

Maji sikunywa. Matembezi nimekwenda upande wa mashamba ya pamba, kinyume cha mto. Dakika kumi na moja, nikarudi. Nimesalimia kila niliyekutana naye. Nimeuliza habari za ng'ombe wote na watoto wote. Bibi mmoja alinitazama kama nimelewa.

Alhamisi, 12 Septemba

Huku mtu anasoma nyayo kama mimi ninavyosoma gazeti. Ni kazi yao toka utoto, ya kufuata ng'ombe walioibwa. Wanajua nani amepita, lini, na kama alikuwa na mzigo. Nilijua hilo. Nimekulia nalo. Katika siku hizi tatu sikuliwaza hata mara moja. Ndivyo usomi unavyomfanya mtu mjinga.

Ngasa na wenzake wawili walikwenda jana kufukia kile kisima. Juu ya ukingo wakaona nyayo za raba. Wengine wote hapa wanavaa kandambili au katambuga. Raba ni yangu tu, aliniletea Mindi, soli ina nyota. Wameufunika unyayo mmoja kwa karai, mbuzi wasiuvuruge.

Nilianza kujitetea kichwani. Napita pale kila siku. Lakini nyayo hizi zimekanyaga juu ya kwato za ng'ombe waliokuja kunywa Jumapili jioni. Na juu yake wamekanyaga waliokimbilia mwano. Maana yake ni za Jumatatu asubuhi, kabla ya wote. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, ningempa Ngasa alama zote.

Na wamesoma zaidi. Aliyevaa raba alisimama. Akageukia mtoni, miguu yote miwili. Kisha akageuka akaendelea na mwendo uleule, hakukimbia kwenda wala kukimbia kuondoka.

Ngasa amenieleza haya akiwa amesimama mlangoni. Hakutaka chai. Jumamosi kuna mkutano.

Nimeziosha zile raba. Sijui kwa nini. Nyayo ziko kule.

Jumamosi, 14 Septemba

Mkutano ulianza saa tatu. Sikunywa kitu asubuhi ila maji.

Ngasa aliuliza, mimi nikajibu. Nilisema nilisikia mwano. Nilisema nilisimama, nikadhani ni ng'ombe tena, kwa kuwa wiki yote ilikuwa ng'ombe. Nilisema mimi ni wa kusamehewa kwa sheria yenu wenyewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa kweli kwamba wiki yote ilikuwa ng'ombe. Mtu anayejua kudanganya huanza na ukweli.

Ngasa akauliza kama niliitambua sauti. Nikasema hapana, upepo uliipotosha. Asubuhi ile hakukuwa na upepo. Hata jani halikutikisika.

Wazee walikaa pembeni kidogo wakarudi. Mwalimu amekosea lakini hakukusudia. Apeleke kuni kwa mfiwa siku saba, yaishe. Wakanipa mikono. Mmoja akanishika bega akasema moyo wangu ni mgonjwa, nisijisumbue.

Kabula alikaa na wanawake, khanga imeshuka mpaka machoni. Mfiwa hasemi mkutanoni.

Nimeokoka. 

Jumatatu, 16 Septemba

Mzigo wa kuni wa pili. Naubeba begani mwenyewe, sikutaka baiskeli. Naushusha mlangoni kwa Kabula. Anasema wabeja, basi. Vidole vyake vimefungwa kitambaa. Wabeja maana yake asante. Afadhali angenitukana.

Ratiba nimeifuata yote. Maji, ufagio, matembezi ya upande wa pamba, dakika thelathini. Sijasikia raha yoyote. Nimefanya kama mtu anayelisha ng'ombe wa mwingine.

Jumanne, 17 Septemba

Kuni. Wabeja.

Sikufagia.

Alhamisi, 19 Septemba

Daftari hili halisomwi na mtu. Niandike basi.

Sikudhani ni ng'ombe. Mwano wa ng'ombe unapigwa na mwanamume na unakimbia, unasogea na mwenye kuupiga. Huu ulikuwa wa mwanamke na ulikuwa umesimama mahali pamoja. Ulitoka chini, mtoni, hatua mia mbili, pengine hazifiki. Nilijua ni Kabula. Miaka ishirini na mitano namsikia ng'ambo ya uzio akiita kuku, akiita watoto, akicheka na Nkwimba. Singeweza kumkosea.

Nilisimama. Niligeuka. Nikatazama saa. Dakika ya kumi na nane.

Nikawaza, nikishuka nitavunja nusu saa. Nikawaza moyo utashtuka. Nikawaza watakuja wengine, vijana wapo. Nikawaza kwamba kila kilio cha kijiji hiki kinataka kunirudisha kule nilikotoka, na mimi nimepona kwa shida. Yote hayo kwa pumzi tano hivi. Kisha nikaendelea kutembea. Na nakumbuka nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu mwenye msimamo. Nilifika nyumbani nikanywa uji, nikaandika hapa "Sikwenda" kwa mkono uliotulia. Nimefungua ukurasa ule leo. Mwandiko ni mzuri.

Jumamosi, 21 Septemba

Kuni za siku saba zimekwisha leo. Sasa sina sababu ya kwenda pale.

Mindi amepiga simu. Habari zimefika Nyashimo, lakini zile za mkutano. Anasema wamenionea, mzee mgonjwa kubebeshwa kuni. Anataka nihamie kwake. Ana chumba nyuma ya duka la vitambaa, barabara ya lami iko mbele, naweza kutembea asubuhi bila kusumbuliwa na mtu. Hakuna anayenijua kule. Alilisema hilo kama zawadi.

Nimemwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Nimetoa begi chini ya kitanda. Nguo zangu zinaingia zote na nafasi inabaki. Nikaweka na sufuria ya Nkwimba, nikaitoa, nikaiweka tena.

Jumatatu, 23 Septemba

Bariadi, siku ya kliniki. Nilisubiri mpaka saa tano.

Presha imeshuka. Daktari ameshangaa, amepima mara mbili. Ameniambia mimi ni mgonjwa wake wa mfano. Ameniuliza kama bado naandika. Nikasema naandika. Akawaita wagonjwa wawili waliokuwa kwenye benchi, akawaambia wanitazame, mzee huyu Januari alikuja amebebwa.

Nilisimama pale nikatazamwa.

Nilitegemea mwili ungenikataa. Ungepata kiharusi, ungefanya chochote. Mwili hauna habari. Unakunywa maji yake, unatembea nusu saa yake, unanenepa. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa na akawa takataka.

Nimerudi na basi la saa nane. Sijala.

Jumatano, 25 Septemba

Begi limefungwa. Liko mlangoni siku ya pili. Kila nikipita nalipiga teke bila kukusudia.

Nikienda Nyashimo, hakuna atakayejua kamwe. Nikisema, sijui watanifanya nini. Wapo waliofukuzwa na paa likang'olewa. Wapo waliotengwa wakahama wenyewe. Nina hofu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Usiku kucha naisikia sauti yake ikiwa imesimama mahali pamoja.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Kabula saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi nje, anachambua choroko kwenye ungo kwa vidole vile vilivyofungwa. Akaniwekea kigoda. Sikukikalia. Nikapiga goti, mimi mzee, mbele ya mwanamke niliyemfundisha binti yake.

Nilimwambia kama nilivyoandika humu Alhamisi iliyopita. Sikusema upepo. Sikusema ng'ombe. Nilisema na habari ya saa.

Hakuacha kuchambua. Akauliza, "Sauti yangu uliijua?"

"Niliijua, mayu," nikasema, kama mtu anavyomwita mama yake.

Akatoa mawe mawili madogo kwenye choroko akayatupa pembeni. Kisha akaniambia jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu.

"Mchanga ulipomfika kifuani alinizuia nisilie. Aliniambia, tulia Kabula, piga mwano mmoja tu, Mwalimu hupita hapo juu saa hizi. Hajawahi kukosa hata siku moja. Basi nikapiga, nikatulia. Niliacha kuchimba nikawa natazama juu ukingoni, nakungoja. Nilipoona huji ndipo nikapiga tena na kurudi kuchimba."

Nikauliza alingoja muda gani.  Akauchukua ungo akaingia ndani.

Masanja alikuwa ananitegemea. Kila asubuhi alikuwa ananiona napita na saa yangu, na mkono wangu wa juu, na akaniweka katika mambo ya hakika, kama jua. Nilidhani ratiba ile ni yangu peke yangu. Kumbe nilikuwa nimemwahidi mtu.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimemwendea Ngasa kabla ya jua kali. Nimemwambia yote ila maneno ya Masanja. Hayo ni ya Kabula, atayasema akitaka. Ngasa alinisikiliza huku anakaza kamba ya ng'ombe. Alipomaliza kukaza aliifungua akaanza upya.

Aliniuliza swali moja, kwa nini sikuondoka, begi ameliona. Nikasema sijui. Sijui kweli.

Mkutano umekaa jioni hiihii. Haukuchukua muda. Baadhi walitaka paa langu ling'olewe. Ngasa amekataa. Nimetengwa mpaka mavuno. Hakuna kunisalimu wala kuitikia salamu yangu. Hakuna kunipa moto, kuniuzia chumvi, kunisagia unga mashineni. Hakuna kuingia kwangu hata nikiugua. Atakayenisemesha atatozwa ng'ombe. Nikifa watanizika, hilo wamelitaja, lakini hakuna atakayesema neno kaburini.

Ngasa alisoma uamuzi bila kunitazama. Alipomaliza, kila mtu akageuka, mpaka wale niliowafundisha kusoma. Wakaondoka. Nilibaki peke yangu na benchi.

Walinikuta nimeshaanza. Miezi minane nilikuwa nimewatenga mimi.

Nimempigia Mindi. Nimemwambia siji. Alilia. Sikumweleza vizuri, nitamwandikia.

Jumapili, 29 Septemba

Kanisani benchi zima lilikuwa langu.

Chumvi imeisha. Daktari atafurahi.

Jumanne, 1 Oktoba

Jana nilikata miti ya mgunga mpaka viganja vikapasuka. Leo nimeibeba mtoni kwa safari nne. Nimeingia kwenye kisima cha kwanza, kile cha upande wa chini ambacho wanawake wengi wanachota. Nimesimamisha nguzo sita na kusuka fito kati yake. Kazi ambayo ningeisema kwa maneno matatu mwezi uliopita. Mchanga unaingia machoni, kwenye meno, kila mahali. Humo chini husikii kijiji. Nilielewa jinsi sauti inavyokuwa ndogo.

Wanawake walifika na ndoo wakasimama mbali.  Nilipotoka na kwenda zangu walikuja kuchota. Sheria inakataza kunisemesha, maji haikuyataja.

Nikajisikia vizuri kidogo nikiwa njiani. Nikashtuka. Ni raha ileile ya asubuhi ya mwano. Naijua.

Ijumaa, 4 Oktoba

Visima vitatu vina miti sasa.

Leo Kabula alikuja. Mara ya kwanza tangu siku ile kushuka mtoni mwenyewe, siku zote walikuwa wanamletea. Nilikuwa nimeshatoka kisimani, nimekaa ukingoni nakung'uta mchanga. Alikuja na ndoo ya njano kichwani na kata mkononi. Alikifikia kisima cha kwanza, akakitazama, akaona nguzo. Akakipita. Akapita cha pili. Akapita cha tatu. Akaenda mpaka kule mto unakokunja, kwenye kisima kifupi cha watu wa ng'ambo, chenye maji machache ya tope. Alichuchumaa akachota kata kwa kata. Ilichukua muda mrefu.

Alirudi kwa njia ileile, ndoo haikujaa. Hakutazama juu.

Sikumlaumu. Sikusogea mpaka alipopanda ukingo na kuifikia njia ya kwao. Kisha nikarudi nyumbani. Nimepika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nimekula nusu. Mashine hawanisagii, kwa hiyo nimetoa kinu cha Nkwimba nikatwanga mahindi mwenyewe, vibaya, mengi yakaruka nje. Nimeyaokota. Unga wa siku mbili, tatu nikiubana.